Kitanda Kisichokauka

Sirari, Jumapili

Mama,

Shikamoo. Wasalimie mjomba na wote hapo Isebania. Sisi ni wazima, ila kuku wako mweupe ameacha kutaga, na mikono yangu inauma kwa msasa.

Baba anatengeneza kitanda cha yule mwanamke wa Tarime anayetaka kumwoa. Amesema kikikamilika ndipo atamleta. Kazi ya kulainisha mbao amenipa mimi. Nasugua, napangusa, yeye anapaka vanishi. Lakini kila ikikaribia kukauka tunakuta ina doa, tunaanza tena. Mara nne sasa. Jirani yetu Heche anamcheka: "Fundi, vya wateja siku tatu, chako mwezi! Au bibi harusi bado hujampima?" Baba analaumu vumbi la malori.

Si vumbi, Mama. Ni mimi. Nabonyeza kidole gumba kwenye vanishi mbichi. Kwa mdomo nisingeweza kukwambia, si kwa Kiswahili wala kwa Kiingereza cha shule.

Jana Baba aliinama, akaiangalia ile alama muda mrefu. Kisha akakishika kidole changu, bado kinanata. Nikangoja kofi. Akasema tu, kwa Kijaluo kwanza, "Nyathina, mwanangu, sugua upya. Usiharakishe." Akaenda kunawa.

Nimechoka sana, Mama. Tangu uondoke kwetu sijui kama bado umemkasirikia Baba. Ila msasa umebaki karatasi moja. Njoo kabla haijaisha.

Mwanao,
Everlyne