Alhamisi Ukae Mbele ya Ile Mashine

Mama Mutwiri,

Mimi mume wako, mzee wa miaka sabini na sita, niliyezika ndugu zangu wanne na yule daktari aliyesema sitafika mavuno ya kahawa, niko hai hapa mtaa wa Dallas, Embu mjini, na meno yangu ninayo. Wewe je? Pumzi inakuja? Miguu bado imefura? Usinijibu "ni uzee." Uzee naujua, tunalala naye chumba kimoja.

Nasikia kaka yako anatangaza Nkubu yote ati nilikuja huku kufagilia watoto wa chuo. Mwambie sifagii. Hapa madaktari, walimu wa chuo na watu wa kompyuta wamekaa nyumba moja, wanatengeneza mashine ya daktari kumwona mgonjwa aliye mbali. Nyumba wanaiita inkubeta, kama ile ya vifaranga, ila hii inaangua mashine. Meza zote, viti, hata sanduku la mashine yenyewe, ni kazi ya randa yangu. Bila mimi wangefanya utafiti wakiwa wamechuchumaa.

Sasa sikiza. Walipeleka mashine ya kwanza Siakago. Wazee wakakaa mbele yake, daktari akatokea kwenye kioo: "Jina? Miaka? Unaumwa wapi?" Wazee kimya. Mmoja akachukua kofia yake akaenda zake. Daktari Njiru, kijana wa hapa Embu, akaambia mkutano, "Watu wa Siakago wanaogopa mashine. Tufunge pale."

Nilikuwa nagonga bawaba ya mlango. Nikaweka nyundo chini. "Nani ameogopa? Hamkuwasalimia!"

"Mzee, salamu inakula saa. Watu wamepanga laini."

"Basi niulize mimi."

Nikakaa mbele ya kioo, yeye akaingia chumba cha pili. "Unaumwa wapi?" Nikaangalia dari. Akauliza tena. Nikatoa ugoro, nikavuta polepole. Makena, yule msichana wa kompyuta kutoka kwetu Meru, alicheka mpaka akashika meza. "Daktari, huyo hatakujibu hata kesho. Hawa ni baba zangu, nawajua!" Chakula cha mchana kikapoa. Sikutoka.

Mwishowe Njiru akasema, "Haya. Umeshindaje, mzee? Na mama nyumbani?"

Hapo nikamjibu kama mtu. Nimeshinda vizuri, ndizi zimezaa, na mama hajambo, ila nilipoenda nyumbani juzi nilikuta siku hizi analala ameketi.

Njiru akasogelea kioo. "Analala ameketi? Kwa nini?"

Nikamwambia ukilala chali pumzi inakataa, na viatu vya kanisa havikuingii. Akaja mbio mpaka nilipokaa. "Mzee, usiseme ni uzee wala moshi wa jikoni. Inaweza kuwa moyo. Aonekane wiki hii. Na akizidiwa asingoje mashine, apelekwe hospitali moja kwa moja."

Unaona? Miaka hamsini na wewe, sikujua huo ni ugonjwa. Angeniuliza naumwa wapi, ningemwambia goti.

Siakago haikufungwa. Sasa kila mashine inaanza na salamu kwa lugha ya mtu, na daktari anauliza habari za nyumbani kwanza. Nani aliwafundisha? Mimi, niliyeacha shule darasa la tatu.

Moja imeletwa hapo dispensari yetu. Nimeambiwa umesema huwezi kuongea na kioo. Utaongea! Alhamisi hii, kabla wiki aliyosema daktari haijaisha, Mutwiri akupeleke. Nimezika watu wa kutosha, wewe nimekataa. Ile sauti itakayokusalimia Kimeru ni yangu, Makena aliinasa. Hata tulipokosana hujawahi kuacha salamu yangu bila kujibu. Usianze Alhamisi.

Nisalimie Mutwiri na bibi yake, na mchungaji wetu. Kaka yako pia, mwambie kiti utakachokalia nilikichonga mimi.

Ni mimi fundi wako, M'Ikiara.

Ukifikiri naongeza chumvi, Makena yuko, alishuhudia yote. Na Daktari Njiru muulize mwenyewe, maana Alhamisi ndiye atakuwa kwenye kioo. Lakini kwanza unijibu salamu.