Miguu ya Bwana Afya

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakufikia ukiwa mzima, wewe na shemeji na wote walio chini ya paa lenu, na kwamba kile kifua chako kimekuachia sasa baridi imepungua. Mimi ni mzima wa kutembea na kufanya kazi, namshukuru Mungu. Najua utaguna ukiona nimeandika badala ya kupiga simu. Lakini simu zetu siku hizi haziendi mbali, dada. Wewe unauliza hali, mimi najibu salama, kisha tunahamia kwenye mvua. Haya ya leo yanataka karatasi.

Habari yenyewe ni ya mbwa, na nakuomba usicheke. Unamkumbuka Bwana Afya, ambaye wifi yako alimbandika jina hilo kwa sababu tangu udogo wake hakuna sufuria iliyopita bila yeye kuikagua. Basi Bwana Afya ndiye mgonjwa. Anaumwa miguu, na ukiniuliza ni mguu gani, nitakujibu uulize ni upi mzima.

Ilianza asubuhi moja akakataa kushuka ngazi. Alisimama pale juu akaniangalia kama mteja aliyeunguziwa shati. Mimi nilidhani ni deko tu, nikamsukuma kidogo kwa nyuma, akalia. Hajawahi kunililia hata siku moja. Nikachukua shuka kuukuu, nikaikunja, nikaipitisha chini ya tumbo lake, nikamnyanyua nyuma huku yeye anatembelea mbele, tukashuka hivyo ghorofa mbili. Majirani walichungulia milangoni. Nilifika kwenye pasi yangu nimelowa jasho kabla sijapiga hata kola moja.

Aliyenisaidia siku zile ni jirani wa chini, dereva mstaafu, huyo tunayemwita Breki kwa sababu akianza kuzungumza hana. Nilimpa ufunguo wa akiba ili mchana nikiwa kazini amtoe mbwa akajisaidie. Breki alimkagua Bwana Afya kwa kumzunguka, mikono nyuma, akasema gari likiharibika magurudumu yote manne, mwenye akili hanunui gurudumu, ananunua gari. Nilimwambia aende zake. Alikwenda, na kesho yake akarudi na kumtoa mbwa kama kawaida, huku anamwimbia.

Mimi na Breki tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Ni binti wa umri wa mwanao wa kwanza, mpole wa maneno lakini mikono yake haina mzaha. Hakumgusa kwanza. Alitaka amwone anavyotembea kwenye ukumbi, anavyokaa, anavyonyanyuka. Kisha akapiga magoti sakafuni na kumbonyeza mguu mmoja mmoja. Akaniambia tulichonacho ni mambo manne. Goti la nyuma la kushoto, kano inayolishika imechanika. Nyonga zote mbili zimelika kwa uzee. Kiwiko cha mbele cha kulia kimevimba kwa sababu mbwa, kwa kuyakimbia maumivu ya nyuma, ameutupa uzito wake wote mbele. Na mguu wa mbele wa kushoto, ukucha mmoja umekua ukajikunja mpaka ukachoma nyama ya kidole, na kidole kimeoza kidogo.

Mimi nilisema tuanze na goti, maana ndilo lililochanika, na kitu kilichochanika kinashonwa. Hiyo ndiyo akili ya dobi. Yeye akasema hapana. Akaanza na ukucha palepale: akaukata, akasafisha, akafunga bendeji, na Bwana Afya akamlamba mkono kwa shukrani. Daktari akasema kilio kikubwa kilitoka kwenye kile kidogo kuliko vyote, na ndiyo maana yeye hamsikilizi mbwa anapolia bali humwangalia anaponyamaza. Mficha maradhi, akasema, kifo humuumbua, na mbwa ni hodari wa kuficha.

Goti aliliweka mwisho kabisa. Nilibisha. Nilibisha kwa sauti, mpaka mwenye paka aliyekuwa anasubiri nje akachungulia. Akanieleza taratibu kwamba akilipasua goti leo, kwa wiki kadhaa mbwa hataukanyagia mguu ule, basi uzito utahamia kwenye nyonga mbovu na kiwiko kibovu, na tutakuwa tumeponya mguu mmoja na kuua mitatu. Dawa ya maumivu aliyompa ilikuwa ya nyonga na kiwiko. Lakini ya kwanza baada ya ukucha, alisema, ni uzito. Mbwa huyu ni mnene mno. Miguu minne mizima ingelalamika kumbeba, sembuse hii. Akipungua, goti linaweza kutulia lenyewe au tukalipasua kwa matumaini. Asipopungua, itabidi tuzungumze mazungumzo mengine.

Nilimuuliza mazungumzo gani. Alimpapasa mbwa kichwani kwanza. Kisha akasema bila kuzunguka kwamba siku atakaposhindwa kunyanyuka mwenyewe kwenda kukojoa, kuendelea kumweka itakuwa kwa faida yetu sisi, si yake, na kwamba ipo sindano ya kumpumzisha. Dada, nilimwangalia yule binti nikamchukia, na hakuwa amekosea neno hata moja.

Aliniuliza anakula nini. Nikajibu bakuli moja asubuhi, moja jioni. Akaniambia nipunguze nusu, nitandike sakafu isimtelezeshe, nimrudishe baada ya mwezi.

Nilipunguza. Mungu ni shahidi yangu. Bakuli lile nililipima mimi mwenyewe kwa kikombe, na yeye alikuwa analimaliza kabla sijainuka, kisha ananiangalia. Mwezi ukaisha, tukarudi, daktari akampandisha kwenye mizani. Alikuwa ameongezeka.

Daktari aliitazama mizani, akanitazama mimi. Akaniuliza kama yupo mwingine anayemlisha. Nikamjibu papo hapo kwamba yupo, na ninamjua. Maana ni nani mwingine mwenye ufunguo? Ni nani asiyeweza kuona mdomo ukitulia bila kuutia kitu? Nilirudi nyumbani nimefura, nikamkuta Breki kwenye ngazi, nikamwambia mambo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Nilimwambia anamuua mbwa wangu kwa makombo. Aliapa hajampa hata mfupa. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo, hawezi kunidanganya. Akanipisha kwenye ngazi. Aliingia kwake, na baadaye nikaukuta ufunguo umening'inizwa kwenye kitasa changu.

Baada ya hapo nyumba ilinyamaza, dada. Mchana kutwa Bwana Afya alikuwa amefungiwa ndani na kiu na mkojo wake. Nikirudi nakuta ameloweka sakafu, naye amegeuza uso ukutani kwa aibu. Nilikuwa nafuta, namwambia si kitu, mzee, si kitu, na nikagundua kwamba hilo ndilo neno la kwanza kulisema tangu niagane na wenzangu wa kazini. Pale kazini nako tunazungumza nini? Madoa. Kola. Nani kapoteza tiketi ya nguo. Kuna siku nilibaki nimesimama na shati la mteja mkononi nikilikunja upya na upya, kwa sababu likishakunjwa ilibidi niende nyumbani. Wewe ulinionya juu ya upweke wakati wa matanga ya wifi yako, ukasema utakuja polepole. Haukuja polepole. Nilikuwa nao siku zote, ila Breki alikuwa anaupigia kelele.

Mbwa naye akazidi. Nyonga zikawa zinamchelewesha kunyanyuka. Alikuwa anainua mbele, anasubiri, kama anaomba ruhusa kwa nyuma, ndipo anasimama. Kila asubuhi nilisikiliza kutoka kitandani kama atanyanyuka. Nilikuwa nimeshaanza kuyaona yale mazungumzo mengine yakija.

Basi juzi asubuhi, nilikuwa najiandaa kwenda kazini, mlango wazi, Breki akatokea. Mkononi ana vipande vya zulia. Alikuwa amelikata zulia la sebuleni kwake, akasema daktari alitaka sakafu isiteleze, na kugombana na mimi si sababu ya mbwa kuvunjika mguu wa tano. Akaanza kutandika bila kunitazama. Mimi nikaendelea na shughuli zangu. Nikaenda mezani, nikafunua sahani, nikakikomba kile chakula ndani ya bakuli la Bwana Afya juu ya kipimo chake cha asubuhi.

Breki akaniuliza hicho ni nini.

Nikamjibu kwamba ni cha mke wangu tu.

Aliketi kwenye kiti, vipande vya zulia magotini. Nikayasikia maneno yangu yakiwa bado chumbani.

Wewe unajua tulivyoishi, lakini labda hili hulijui. Wifi yako alifanya usafi maofisini zamu ya jioni, miaka yote ya ndoa yetu. Mimi nikitoka kwenye pasi napika, napakua sahani mbili, nakula yangu, yake naifunika kwa sahani nyingine, nalala. Asubuhi nikiamka nakuta sahani imeoshwa, imepinduliwa juu ya kabati, naye amelala. Ndivyo nilivyokuwa najua kwamba amerudi salama. Watu wengine hupeana habari za usiku mwema, sisi tulipeana sahani.

Tulipomzika na ninyi mkaondoka, jioni ile nilipika. Mkono wangu unapima mchele wa watu wawili, dada, haujui kipimo kingine. Nikapakua, nikafunika. Asubuhi nikakuta bado imefunikwa. Kutupa chakula ni dhambi, na mbwa yupo. Kesho yake vilevile. Mpaka juzi, vilevile. Na daktari aliponiuliza mbwa anakula nini, nilimtajia bakuli lake kwa moyo safi kabisa. Sikumdanganya. Ile sahani haikuwa yake.

Usidhani akili imeniruka. Najua yuko wapi, nilishika jembe mwenyewe. Lakini nikishaifunika ile sahani, nyumba inakuwa nyumba ambayo kuna mtu bado hajarudi. Naweza kulala ndani ya nyumba ya namna hiyo. Ile nyingine sijui watu wanalalaje. Na ulipoomba nihamie kwako, nikakwambia haiwezekani kwa sababu ya miguu ya mbwa, nilikusingizia mnyama wa watu. Kwako wewe wanapakua wengi, na hakuna ambaye angeniachia sahani moja ikae usiku kucha bila kuuliza ni ya nani. Hilo ndilo nililoogopa, na nimeona aibu kulisema kwenye simu.

Nimekwenda kwa Breki na ufunguo na msamaha. Alivipokea vyote viwili, akasema msamaha anaukubali lakini kuitwa mlisha makombo atanidai mpaka kaburini. Nilimpigia na daktari, nikamweleza. Akasema basi sasa tunajua pa kuanzia, mpango ni uleule: uzito kwanza, dawa ziendelee, goti lingoje. Akaniuliza kama mimi mwenyewe nitaweza. Nikamwambia mbwa ndiye mgonjwa. Akasema ndiyo, anajua.

Jana jioni nilipika ya mtu mmoja. Nilitoa sufuria ndogo, nikarudisha mchele gunini mara mbili kwa sababu ulionekana mchache kiasi cha kutia aibu. Nikapakua sahani moja. Nilitegemea nitabaki na njaa, na kusema kweli nilitamani nibaki nayo, ili nipate sababu ya kurudi kwenye kipimo cha zamani. Nilishiba. Kilichoniliza ni hicho, dada. Kwamba kilitosha.

Asubuhi hii Bwana Afya amenyanyuka kwa hatua zake, mbele, kisha nyuma, akavuka vipande vya zulia hadi kwenye meza. Amemaliza nusu bakuli yake lakini bado amesimama pale, miguu inamtetemeka, pua juu. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia mama harudi, na chakula chake hakipikwi tena. Nilimwambia kwa sauti, na humu ndani nilikuwa sijayatamka hayo mbele ya mtu wala mnyama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa chini palepale, polepole kama nyonga zinavyomruhusu, macho yake mlangoni, na mimi nikakaa naye sakafuni mpaka nikachelewa kazini.

Nifikishie salamu kwa shemeji na wanao wote, na umpe pole yule mkwe wako aliyeteguka. Breki anawasalimu ingawa hawajui. Niombeeni. Ukipata nafasi ya kuja, hata kwa siku chache, njoo. Ila uniarifu mapema siku ya kufika, ili jioni hiyo nijue kwamba ninapika ya wawili kwa sababu kweli kuna mtu anakuja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Dobi