Jua Lililobabua Maua ya Njombe

Mjukuu wangu Tumaini,

Bwana asifiwe. Huku Mahongole tu wazima, ila bibi yako anakohoa.

Umeuliza kama ua lako lililokulia ndani litoke nje, maana baridi ya Mbeya imekwisha. Ngoja kwanza!

Zamani za Mwingereza nilitunza maua ya mama mmoja wa Kizungu Njombe, kwenye nyumba ya vioo. Sote tuliogopa sakitu tu, ule umande unaoganda alfajiri. Msimu wake ulipopita, mama akasema, "Toa yote." Nikatoa vyungu arobaini asubuhi. Kufika saa tisa, jua limeyababua, majani meupe kama karatasi.

"Umeyamwagia maji ya moto?" mama akafoka. Akanifukuza palepale, mimi niliyemtii!

Lako nalo halijazoea jua kali; lianzie kivulini, ulisogeze juani kidogo kidogo. Yale ya Njombe nilisikia yalichipua upya. Mimi hakuniita tena.

Babu yako