Mikono ya Mama na Kanzu Yako

Mlali, 1909

Mpwa wangu Matonya,

Watu wengi hudhani mwanamume anayehangaikia mno nguo zake anajipenda. Wanakosea, huyo anawaogopa watu.

Mtama wetu umechanua vizuri.

Ulipokuja mara ya mwisho kutoka bomani Kilimatinde, mama yako alikimbia kukukumbatia, amejipaka mafuta na udongo mwekundu kama wanawake wetu wote. Ukaruka nyuma: “Mama, kanzu!” Alicheka, lakini hakujipaka tena.

Sasa ni mgonjwa, hainuki. Kila asubuhi huniomba maji na majivu, anawe mikono. “Mwanangu asije akachafuka,” husema. Mikono hiyo imechubuka.

Hatauona mwezi mpya. Ondoka leo, na nguo hiyohiyo uliyovaa.

Mjomba wako,
Kefa