Samaki Niliyemrudisha Mtoni

Jumamosi

Baba amenifokea mbele ya watu leo, na bado nina furaha.

Tangu tumzike Mama, Baba anaishi hapa kwangu Ziwani, na hajawahi kumtaja hata mara moja. Anakula kidogo tu. Nilishaanza kuogopa kwamba atamfuata.

Leo nikampeleka mlimani, mtoni, kwenye baridi ile. Samaki mnene aina ya trauti akanasa kwenye chambo changu, nzi bandia niliyemtengeneza kwa manyoya ya kuku. Nikamtoa kwenye ndoano, nikamrudisha majini, maana sheria ya pale ndiyo hiyo.

"Wewe! Unatupa samaki?" Baba akafoka. "Mama yako angekunyima ugali wiki nzima!"

Halafu akacheka mpaka akakohoa.

Sasa namsikia akimsimulia shangazi kwa simu. Samaki ameshafika ukubwa wa mbuzi.