Salamu za Tšeliso

Tšeliso wetu, mwaka umezunguka na kurudi pale pale, tangu tulipokulaza kando ya baba yako, juu ya shamba la mipichi, hapa Hlotse. Baridi ni ile ile. Theluji imeshaonekana milimani, na mama yako bado anatoa blanketi lako sandukuni kulianika juani, kisha analirudisha.

Wasiokujua wajue hivi. Ulikuwa kijana mrefu, mzito wa mkono, mwenye macho yasiyomtazama mtu usoni. Daktari wa Maseru aliiita hali yako usonji. Watu wengine waliiita majina mengine, na hayo hatuyaandiki hapa.

Kazi ulikuwa nayo, na kazi yako ilikuwa mablanketi. Blanketi la Msotho lina mstari, na mstari unatakiwa usimame wima kama mhindi shambani. Wewe hukuweza kuuvumilia mstari uliolala. Ulikuwa ukimfuata mtu usiyemjua sokoni, ukamgeuzia blanketi lake mabegani, ukaenda zako. Mzee mmoja alikuinulia bakora. Mama yako akamwambia, "Nisamehe, baba, lakini hebu jitazame. Si umependeza sasa?" Mzee akajitazama, akacheka, bakora ikashuka.

Kusalimia tu ndiko kulikokushinda. Kwetu, kumpita mtu bila salamu ni kumwambia yeye ni kisiki, na majirani hawakunyamaza. "Mama Nthabeleng, huyu mwanao kiburi kakirithi wapi?" Naye akawajibu, "Kwa kina baba yake. Sisi kwetu ni maskini, tungeringia nini?"

Maneno ulikuwa nayo, ila yalikuwa ya kuokota. Ukisema "Kiberiti kiko wapi", ulikuwa na njaa, kwa sababu ndivyo mama yako alivyouliza kila jioni kabla ya kuwasha jiko. Ukisema "Basi limeondoka", ulikuwa na huzuni, maana ndivyo tulivyokuambia kila baba yako aliporudi migodini. Na ukisema "Khotso, ntate", yaani amani, baba, hukuwa unamsalimia mtu. Utotoni sikio lako lilitunga usaha, na tabibu wa zahanati alikuwa akikuamkia hivyo, kwa utani, kama mtu mzima mwenzake, kabla ya kulisafisha. Basi kwako hayo yakawa maneno ya maumivu. Mama yako akiyasikia aliacha chungu motoni, akakupapasa sikio, meno, tumbo, mpaka apajue panapouma.

Baba yako alipofariki, mambo yaliharibika. Upepo wa Agosti ulikutia wazimu. Ulivunja madirisha, ulijing'ata mkono hadi damu, na siku moja ulimsukuma mama yako kwenye ngazi ya mawe, akavunjika mkono. Hukukusudia. Tunalisema hapa hadharani, kwa sababu wapo waliosema vingine.

Mjomba wako Sechaba akamwambia, "Dada, umebakiwa na mkono mmoja. Unasubiri nini?"

Akakupeleka mwenyewe kwenye kituo cha vijana wenye hali kama yako, mbali na hapa. Aliwaeleza maneno yako yote, moja baada ya jingine. "Na akisema Khotso, ntate, jueni anaumwa."

Mhudumu wa zamu akacheka. "Basi, mama, hapa tutakuwa wagonjwa watupu. Sisi tunasalimiana hivyo tangu asubuhi." Mama yako naye alicheka, maana lilichekesha kweli.

Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linalotuumiza zaidi, kwa kuwa hatuna hata wa kumchukia. Walikuogesha, walikufunika, hawakukufunga kamba. Matibabu yao yalikuwa hivi: kijana akifanya jambo jema, anapewa andazi papo hapo. Na kwa Msotho jambo jema la kwanza ni lipi kama si salamu? Uliumwa jino, ukasema "Khotso, ntate". Wakashangilia, wakakupa andazi. Ukasema tena, wakakupa jingine.

Mama yako alipokuja kukuona, ulimpokea kwa maneno hayo hayo. Akashtuka, akakupapasa kichwa hadi nyayo. Hukuwa na kidonda wala homa. Ulimnyooshea kiganja, ukisubiri andazi.

"Mnamharibia neno lake," alimwambia msimamizi wa kituo, machozi yakimtoka.

"Mama Nthabeleng, miaka yote hii hajawahi kumsalimia mtu. Leo anasalimia, wewe unalia?"

Mama yako akajifuta machozi, akaaga. Njia nzima ya kurudi alijiambia kwamba labda ni kweli, labda ndivyo mtu anavyopona. Nasi tukamwambia hivyo hivyo.

Kisha msimamizi akapiga simu, sauti imejaa furaha. "Sikiliza mwenyewe. Tangu asubuhi hajanyamaza." Akakusogezea simu mdomoni. Khotso, ntate. Khotso, ntate. Khotso, ntate. Mama yako alikuwa uani, anaanika nguo, na majirani wamekaa juani. Akaongeza sauti ya simu ili nao wasikie. Wanawake wakapiga vigelegele, na mmoja akasema, "Haya, kiburi cha kina baba yake kimemtoka." Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Hatujawahi kumwona amefurahi vile.

Utumbo wako ulikuwa umejisokota. Walipokufikisha hospitali kesho yake, ulikuwa umeshanyamaza. Kando ya kitanda chako kituoni maandazi yalikuwa yamerundikana, hata moja hukuliuma.

Siku ya maziko msimamizi alisimama kaburini, akawaambia waombolezaji kwamba umetutoka ukiwa umejifunza kusalimia. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama yako akasema, "Alikuwa anaumwa." Hakusema kwa nguvu, na waliokuwa nyuma hawakusikia.

Wazee husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msemo huo hautamkwi tena nyumbani kwetu. Tunamwambia mama yako kwamba hana kosa. Anatuitikia kwa adabu, lakini haamini. Ulimwengu mzima ulikuwa na mtu mmoja aliyeijua lugha yako. Siku uliyomwita alikusikia, akafurahi.

Unakumbukwa na mama yako, Mama Nthabeleng. Dada yako Nthabeleng na shemeji yako Pitso. Mjomba wako Sechaba. Na ukoo wote wa Moletsane. Faraja ndiyo maana ya jina tulilokupa, na faraja hatujaipata. Kukusahau, Tšeliso, hatutaweza kamwe.