Mama, Nakwenda Kuiona Jeddah Yako

Mama yangu kipenzi,

Nimepata ijaza, likizo ya siku tano. Najua ungecheka kunisikia nikilitumia neno hilo, mimi niliyekuwa nakukataza kuchanganya Kiarabu mezani. Ndiyo hivyo, mwaka na miezi minane ya kuuguza wagonjwa hapa Riyadh imenitia maneno yako mdomoni bila kuniomba ruhusa. Alhamisi asubuhi napanda basi kwenda Jeddah.

Mwenzangu wa chumba, Achieng, Mkenya wa Kisumu, muuguzi kama mimi, alipopata habari alichukua kalamu hapo hapo anipangie safari. "Siku tatu kamili ukiwa Jeddah ni mob, ni nyingi sana," alisema. "Balad, mji wa kale, asubuhi, Corniche kando ya bahari jioni, halafu malls. Ukijipanga poa unamaliza mji wote."

Nikamwambia sitaki kuumaliza.

"Sasa unaenda kufanya nini?"

Jibu la swali lake nakupa wewe. Nataka kutembea polepole mtaa wa Nuzha, ulikofanya kazi za nyumbani miaka kumi, nitazame lile duka la mkate ulilokuwa ukinisimulia kama bado lipo. Nataka kukaa Ruwais, karibu na bahari, kwa rafiki yako Bi Zuhura, alasiri ya Ijumaa, saa zile zile ulizokuwa ukinipigia simu. Mji ule una haraka zake, mimi sina. Hata ndege nimeikataa. Nataka njia iwe ndefu, nifike moyo umeshatulia.

Nilikuwa na miaka minane ulipoondoka Tanga. Asubuhi ile ulinivisha gauni la kijani, ukanifunga vifungo vyote vya mgongoni, kisha ukavifungua, ukavifunga upya. Nilidhani umekosea. Sasa mimi ni mtu mzima, najua ulikuwa unatafuta sababu ya kuendelea kunishika.

Kila Ijumaa Bibi aliniketisha kwenye kigoda na simu mapajani tangu adhuhuri. Ukipiga, uliniuliza nimekula nini, nani kanisuka, na kama nimemsikiliza Bibi. Nyuma ya sauti yako palikuwa na mtoto akiita, "Mama Mwana, njoo!" Huyo alikuwa Rima, binti wa madam wako, aliyezaliwa mwaka ule ule ulipofika. Madam alikuwa akiwaacha nyote wawili kwa Bi Zuhura, yeye akienda kuwaamkia wazazi wake mtaa huo huo. Na kila mara ulimjibu, "Subiri, naongea na mwanangu."

Neno hilo lilipaswa kunitosha, Mama. Lakini mimi nilisikia tu kwamba kuna mtoto mwingine anakuita mama, tena yeye ukimgeukia anakuona.

Uliporudi nilikuwa na miaka kumi na minane. Asubuhi ya kwanza ulipika chai ya nanaa, ukapanga vikombe, ukasema bila kutazama, "Yalla Rima, kaa ule."

Uliweka birika chini taratibu. Nami nikasema, "Rima yuko Jeddah. Ukitaka, rudi kwake."

Hukunigombeza. Ulikunywa chai yako umesimama, umenipa mgongo. Tuliishi pamoja miaka minane baada ya hapo, tukacheka sana, na siku ya mahafali yangu ya uuguzi ulikaa kiti cha mbele kabisa. Lakini asubuhi ile hatukuitaja tena, si wewe wala mimi. Kisha ukaugua, nikawa nakunywesha maji kwa kijiko, mpaka ikafika siku hukuweza kuyameza.

Kuna jambo sijakwambia hata kaburini kwako. Baada ya arobaini simu yako ililia. Namba ilikuwa ya Saudia. Nilijua ni nani. Niliitazama mpaka ikanyamaza, ikalia tena, ikanyamaza. Nikaichomoa laini nikaitupa chooni. Sikuwa na hasira, Mama. Nilitaka, mara moja tu maishani, niwe mimi peke yangu mwenye haki ya kukulilia.

Ndiyo maana nimekaa muda wote huu nchi moja na mji wako bila kuukanyaga. Umra nilikwenda na wenzangu, basi likapita njia ya Taif, na moyoni nikashukuru kwamba halikupita Jeddah.

Wiki iliyopita nikajikaza nikampigia Bi Zuhura.

"Mtoto wa Mwanaidi? Hebu sema tena," alisema, kwa Kiunguja chake kile alichorithi kwa wazazi wake. "Subhanallah. Hiyo sauti ya mamako." Alilia kidogo, akajifuta, kisha akanieleza. "Rima huja hapa kila Idi. Huniuliza, Mama Mwana yu wapi, mbona hapatikani? Khabari mie nilizipata, lakini nimeshindwa kumwambia, mwanangu. Humwambia simu zenu mbovu."

Kesho yake Rima alinipigia mwenyewe, namba kapewa na Bi Zuhura. Ana miaka ishirini, yuko chuo kikuu.

"Shikamoo, dada Saumu." Kiswahili cha Tanga, Mama. Anayavuta maneno kama wewe. "Bado unaogopa jogoo?"

Nilikaa kitandani. Alijua habari za jogoo wa jirani aliyenikimbiza mpaka kisimani. Alijua nachukia bamia, na kwamba nilikuwa naimba nikioga. "Kila akinichana nywele, Mama Mwana alinipa hadithi ya Saumu," alisema. "Nilikuwa nadhani Saumu ni mtu wa hadithi tu."

Nilicheka mpaka Achieng akaja kuchungulia mlangoni. Halafu Rima akauliza, "Mama Mwana mzima? Nitaongea naye lini?"

Nilimwambia, "Nakuja Ijumaa kwa Bi Zuhura. Tutaongea hapo."

"Halas, basi, nakungoja. Nitapika mimi."

Basi katika mipango yote umebaki huo mmoja. Nitamwambia mwenyewe, kwa Kiswahili ulichomfundisha. Nitamwambia pia kuhusu ile laini, na akinichukia nitakuwa nimestahili. Kazini nimezoea daktari ndiye atoe habari kama hizi, mimi nasimama pembeni na kushika bega la mtu. Safari hii hakuna daktari. Akitaka tutembee, tutatembea mpaka miguu ikatae. Akitaka tukae kimya Ruwais siku zote tatu, tutakaa. Nimeshamwambia Achieng asiniulize picha za Corniche.

Nimekukumbuka sana wiki hii. Natamani ungekuwepo unikaripie kidogo, kisha uniambie nianzeje sentensi ya kwanza. Nimeijaribu mara nyingi mbele ya kioo na kila mara inaishia kwenye jina lako.

Hukunizalia ndugu, Mama, nami nilizoea kufikiri kwamba kukulilia ni kazi yangu peke yangu. Ijumaa hii tutakuwa wawili. Pumzika.

Mwanao mkubwa,
Saumu